Jua la Malindi Lisikudanganye, Sabaki Unajaa

Juzi kijana mmoja ameniandikia: amekodi ekari mbili kando ya mto Sabaki, pande za Garashi, anataka kupanda matikiti, nimpe ushauri. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Novemba 2023 mimi nami nilikuwa na matikiti huko huko, bado wiki mbili nivune.

Siku hiyo Malindi jua kali, wingu hakuna. Niko mjini nanywa kahawa, mzee jirani wa shamba akanipigia: maji yamefika mti wa tatu. Mzee huyo huchomeka miti mteremkoni, kutoka majini hadi juu. Maji yakifika wa kwanza, mto bado umo kitandani mwake. Wa pili, toa mashine ya maji. Wa tatu, mto uko mdomoni pa ukingo, toa watu. Miti yake nilikuwa naitania. Nikamwuliza, "Mzee, mvua iko wapi?" Kumbe ilinyesha Nairobi na Ukambani. Athi, Galana, Sabaki: mto ni huo mmoja, unabadili majina tu, na maji ya bara hutufikia siku kadhaa baadaye.

Nilipofika, ukingo ulikuwa mkavu! Maji yalipita nyuma. Ukingo huinuliwa na mchanga wa mafuriko ya zamani, nyuma yake ardhi inashuka, na shamba langu lilikuwa kwenye mkondo wa kale. Yalituama siku tisa. Mizizi ikikosa hewa siku zote hizo, hakuna dawa. Mashine nayo ilizama, na deni lake nalilipa hadi leo. Shemeji zangu wananiita Nuhu. Sawa.

Mzee alipoteza mahindi, lakini maji yalipopwa alipanda pojo kwenye tope jipya, akavuna kabla ya masika ya 2024, mto ulipofura tena.

Basi kijana, sikia. Usitazame mbingu ya Malindi. Tafuta mtu wa upande wa juu wa mto, Lango Baya au mbele zaidi, awe akikupigia simu. Chomeka miti. Mashine isilale shambani. Narudia: chomeka miti! Nyinyi mnataka faida ya matikiti, kuuliza wenyeji hamtaki. Nawajua, nilikuwa mwenzenu.

Mwaka huu nimechomeka yangu mitatu. Mzee alikuja akaitazama, akang'oa wa pili bila kusema neno, akaushusha hatua nne.