Chumba cha mafaili: kwa mnaoanza utafiti hospitalini

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya utafiti hospitalini, hasa huu ambao hatumpi mgonjwa dawa wala kumnyima, tunamfuatilia tu tuone yaliyompata: nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha mafaili, nikianzia ukarani wa kuingiza data. Mengi niliyajua baada ya kukosea, na kosa la kwanza bado linanitia aibu.

Tulikuwa na mafaili ya wagonjwa wa shinikizo la damu wa hospitali moja ya wilaya. Nikawagawa mafungu mawili: waliohudhuria kliniki mara sita au zaidi ndani ya mwaka, na waliohudhuria pungufu ya hapo. Wa fungu la kwanza walikuwa wamekufa wachache mno. Nikaandika, nikachora na grafu, nikampelekea msimamizi wangu nikisubiri sifa. Akasoma, akavua miwani, akauliza: "Aliyekufa mwezi wa pili angehudhuriaje mara sita?"

Nilikosa pa kuficha uso. Kuingia tu kwenye fungu langu la kwanza kulimtaka mtu awe ameishi miezi kadhaa. Mimi ndiye niliyewapa uhai kwa kalamu, kisha nikaisifu kliniki. Siku hizi nikitaka kulinganisha watu nawapanga kwa kilichojulikana siku ya kwanza ya kuwafuatilia. Ikibidi kutumia mahudhurio, nawagawa kwa yale ya miezi sita ya kwanza, vifo naanza kuvihesabu baada ya hapo, na nawachukua waliokuwa hai siku hiyo peke yao.

Hao angalau faili zao zilikuwepo. Wanaosumbua zaidi ni wasiorudi. Kwenye kliniki za VVU tumezoea kuwaita watoro, na neno hilo lenyewe linakufunga akili, kana kwamba mtu kakimbia shule. Wengine wamehamia kliniki ya mji mwingine na wanakunywa dawa zao vizuri tu, huenda kwa jina jingine. Wengine wako makaburini. Huko Mbarara, Uganda, watafiti walifuatilia watu wazima zaidi ya 3,600 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kwa vifo vilivyojulikana kliniki, waliokufa ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 1.7. Kisha wakachagua baadhi ya waliopotea na kutuma watu wakawatafute majumbani. Majibu hayo yalipoingizwa kwenye hesabu, ikawa asilimia 7.5. Wagonjwa ni walewale, kliniki ni ileile.

Kwa hiyo tengeni fedha za kuwatafuta tangu bajeti inapoandikwa, hata kama ni kwa wachache waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Na mkienda, gari lenye nembo ya mradi liachwe mbali. Mtaa mzima unajua lile gari linafuata watu gani. Usimtaje mgonjwa na kliniki yake kwa mjumbe wala kwa jirani; namba ya simu iliyo kwenye faili mara nyingi ni ya huyo jirani. Nimeshapiga simu nikapokelewa na shemeji ambaye hakujua lolote, na ilinibidi nijifanye nimekosea namba.

Nafasi iliyo wazi kwenye rejista nayo ina maneno yake. Safu ya sigara ikiwa tupu, usijaze "havuti". Muulize muuguzi aliyekuwa zamu. Pengine atakwambia swali hilo huwauliza wanaokohoa tu. Anayetumia 99 badala ya "haijulikani" akumbuke kwamba kompyuta itaihesabu kama umri, na wastani wa umri wa wajawazito utashangaza watu. Tazama pia tarakimu za mwisho. Ukikuta shinikizo la damu la kila mtu ni 120 kwa 80 au 130 kwa 80, hapo kuna mtu aliyekuwa anakadiria, au mashine ilikuwa mbovu na foleni ndefu. Umri utakuta umejazana kwenye 30, 40 na 50. Majina ndiyo usiseme: Rehema wa Januari ni Lehema wa Machi, na mwezi wa Juni kaandikwa kwa jina la mume.

Mtego mwingine ni huu. Wodini waliowekewa oksijeni hufa zaidi kuliko wasiowekewa. Hakuna atakayesema oksijeni inaua, maana kila mtu anajua huwekewa walio hoi. Lakini badilisha oksijeni uweke dawa mpya, au uhamisho kwenda hospitali ya rufaa, uone watu wazima na digrii zao wanavyoteleza. Kuna na kinyume chake. Kwa miaka mingi wanawake wa Marekani waliotumia homoni baada ya kukoma hedhi walionekana kuugua moyo kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2002 jaribio kubwa, ambalo bahati nasibu ndiyo iliyoamua nani apewe homoni na nani asipewe, lilisimamisha mchanganyiko wa estrojeni na projestini, kwa sababu madhara, yakiwemo ya moyo na saratani ya matiti, yalizidi faida. Wengi wa waliokuwa wakizitumia walikuwa wenye kipato na waliojitunza tangu mwanzo.

Kwenye kupima watu kabla ya dalili, chukua basi mbili zilizotoka Dar alfajiri moja kwenda Mbeya. Moja umeiona Morogoro, nyingine umeiona Iringa, zote zikafika saa moja jioni. Ukianza saa yako ulipoziona, ya Morogoro itaonekana imesafiri muda mrefu zaidi. Ndivyo mgonjwa aliyegunduliwa mapema anavyoonekana kuishi miaka mingi na saratani, hata kama tarehe ya kufa haikusogea. Korea Kusini walianza mpango wa taifa wa kupima saratani mwaka 1999, na watu wengi wakawa wanaongezewa ultrasaundi ya tezi ya shingo. Kufikia 2011 saratani ya tezi hiyo iligunduliwa mara 15 ya ilivyokuwa mwaka 1993, na vifo havikubadilika. Kwa hiyo hesabu vifo katika jamii nzima, usitazame tu miaka ya kuishi baada ya kugunduliwa. Mnaohesabu waliopimwa kwenye kambi za kupima saratani ya mlango wa kizazi kwa kupaka siki, mtenge pia mama aliyekuja akiwa tayari anatokwa damu. Huyo amekuja kutibiwa, hata kama kasimama foleni moja na wengine.

Kibali cha maadili ombeni mapema. Kinachelewa, basi.

Na wiki ya kwanza usifungue kompyuta. Kaa na muuguzi wa mapokezi asubuhi mbili tatu, umwone anavyojaza rejista huku mtoto analia na mtu anagonga dirisha. Utajua safu ipi hujazwa papo hapo na ipi hujazwa jioni kwa kukumbuka. Nenda na kalamu mbili, moja haitarudi.