Hisa za makaa na mafuta si hela ya uhakika

Unasema hisa za kampuni za makaa na mafuta ni hela ya uhakika kwa kuwa "dunia itahitaji mafuta daima". Hapana ndugu, hilo halilindi hisa yako. Peabody, kampuni kubwa ya makaa ya mawe Marekani, ilifilisika Aprili 2016, imebanwa na madeni na gesi ya bei nafuu. Iliporudi sokoni 2017 hisa za zamani zilifutwa, wenye nazo wakabaki mikono mitupu.

Sababu ni hii: thamani ya kampuni hizi imehesabiwa kwa mali iliyo bado chini ya ardhi. Sheria za hewa ukaa zikikaza, au umeme wa jua ukishuka bei, mali ile haichimbiki tena kwa faida. ExxonMobil, kampuni ya mafuta ya Marekani, ilifuta vitabuni thamani ya mali ya zaidi ya dola bilioni 19 robo ya mwisho ya 2020, sehemu kubwa visima vya gesi.

Kweli, 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei na waliokuwa na hisa hizi walivuna. Mwenye hela ya ziada ajaribu kidogo. Lakini mimi natunza daftari la kikundi hapa Dodoma, hela za akina mama wa Soko la Majengo, elfu mbili mbili zilizokunjwa kwenye kanga. Hizo siziweki huko.