Kodi za saba kwenye gitaa: anza kwa kuimba fa

Kwa miezi minne nilikuwa na karatasi ya kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ukutani, chumbani kwangu Uyole. G7, C7, D7, A7, E7, B7, kila moja na vidoti vyake vya kuonyesha pa kuweka vidole. Jioni nilizipitia moja moja kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha, na zote nilizijua. Lakini Jumamosi kwenye mazoezi ya kwaya nilichelewa kila zilipofika. Waimbaji wameshatua, mimi bado natafuta pa kuweka vidole.

Aliyenisaidia ni mwalimu wetu wa kwaya, ambaye gitaa hapigi kabisa. Aliniambia niliweke chini, nisimame na sauti ya pili, niimbe mstari wao. Mwisho wa ubeti waliimba fa, kisha wakashuka mi. "Hiyo fa ndiyo saba yako, kaka," akasema. "Iimbe kwanza."

Ukiwa kwenye ki ya C, yaani do ikiwa C, so ni G. Hesabu kuanzia hapo: so, la, ti, do, re, mi, fa. Fa ni ya saba. G7 basi ni so, ti, re, fa. Ti inataka kupanda do, fa inataka kushuka mi, ndiyo maana G7 haitulii mpaka uende C. Sisi tuliolelewa na makwaya ya huku Mbeya, tuliosoma do-re-mi kabla ya kujua jina la uzi wowote, mvuto huu tunao masikioni tayari.

Kwa hiyo usifanyie mazoezi kodi ya saba peke yake. Ishike pamoja na kodi inakokwenda, na ufuatilie noti mbili tu. Kwenye G7 kidole cha shahada kiko uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, freti ya kwanza (nafasi ya kwanza kati ya vile vyuma vya shingo ya gitaa): hiyo ni fa. Ukienda C, kidole hichohicho kinahamia uzi wa pili, freti ileile. Uzi wa kwanza ukibaki wazi unatoa mi, na uzi wa pili uliokuwa ti sasa ni do. Cheza nyuzi hizo mbili tu huku unaimba, mara nyingi, kabla ya kuongeza vidole vingine.

D7 kwenda G ni hivyohivyo: uzi wa pili unatoka freti ya kwanza na kuachwa wazi, uzi wa kwanza unatoka freti ya pili kwenda ya tatu.

B7 ndiyo wengi wanaikimbia, nami niliikimbia. Dawa yake ni kuona kwamba kidole cha kati hakiondoki uzi wa tano, freti ya pili, ukienda E. Cha shahada kinatoka uzi wa nne kwenda wa tatu, cha pete kinatoka wa tatu kwenda wa nne. Vinapishana tu, na kidole kidogo kinanyanyuka. Nilikaa wiki mbili kwenye kupishana huko, metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, ikiwa 60 kwa dakika, kodi moja kwa mapigo manne. Ukikosea usiongeze kasi, teremka hadi 50.

Halafu kuna baridi. Juni na Julai huku kwetu vidole asubuhi vinakakamaa, na ukilazimisha kidole kidogo kunyooka kwa ajili ya C7 utaumia mkono. Shika kikombe cha chai mpaka viganja vipate joto, ndipo uanze. Tyuni upya pia, kwa sababu nyuzi za chuma zikipoa hujikaza na sauti hupanda.

C7 niliiacha mwisho makusudi. Kidole kidogo kiko uzi wa tatu, freti ya tatu. Ukienda F, uzi huohuo unashuka freti ya pili. Hapa do ni F, kwa hiyo iimbe: fa, mi. Ukiisikia kabla ya kubonyeza, weka vidole.