Seli za Kupffer: zinaua au zinalea?

SWALI: Shikamoo Dokta. Nasoma utabibu hapa Mbeya, mwaka wa pili. Darasani tumefundishwa kwamba seli za Kupffer kwenye ini hula bakteria. Kitabuni nakuta hizohizo zinapooza seli T, zile seli za kinga zinazoshambulia virusi. Sasa zinaua au zinalea? Na kwa nini mtu mzima akipata homa ya ini B mara nyingi hupona, ila mtoto mchanga hubaki nayo?

JIBU: Marahaba. Zinafanya yote mawili, tena kwa pamoja.

Anza na damu. Karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hupitia kwanza utumbo, kisha huletwa na mshipa wa porta. Ukishakula wali wa Kyela na maharage, damu hiyo hubeba protini za chakula na vipande vya kuta za bakteria wa tumboni. Ndivyo ilivyo kila siku. Chukua mpaka wa Tunduma: askari wakipiga king'ora kwa kila lori, hakuna mzigo utakaovuka kwenda Zambia. Seli ya Kupffer nayo humeza uchafu huo bila kelele, na kwa kuguswa mfululizo na sumu za bakteria huzoea kutoa intalukini 10 na TGF-beta, kemikali zinazotuliza seli T.

Kuna seli nyingine ambayo naona inaonewa sana vitabuni: zile seli bapa zinazojenga kuta za sinusoidi, vile vijia vya damu ndani ya ini. Kuta zake zina matundu, na damu hupita taratibu, hivyo seli T hujisugua ukutani na hata kuigusa seli ya ini kupitia tundu. Kwenye tezi za limfu, seli T changa huonyeshwa antijeni, yaani kipande cha kitu kigeni inachokitambua, na kupewa ishara ya pili ya kuiamsha, yaani protini za CD80 na CD86. Kwenye kuta za sinusoidi antijeni ipo, ishara ya pili ni hafifu, na PD-L1, protini ya kuizima, iko tele. Seli T inagawanyika kidogo, kisha inakufa au inalegea. Kwa panya imeonekana hata seli ya ini ikimeza seli T nzima na kuiyeyusha.

Hili si jambo la nadharia tu. Mwaka 1969 Roy Calne na wenzake walionyesha kuwa nguruwe aliyepandikizwa ini la nguruwe mwingine anaweza kuishi nalo bila dawa za kushusha kinga, wakati ngozi au figo hukataliwa.

Upole huo una kikomo. Uvimbe ukiwaka, makundi ya seli za kinga hujikusanya ndani ya sinusoidi na seli T huongezeka hapohapo. Ndivyo watu wazima wengi wanavyoifukuza homa ya ini B. Wanaobaki nayo hawazidi 5 kati ya 100. Walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 90 kati ya 100 hubaki nayo. Seli zao T bado changa, na majaribio ya panya yanaonyesha kwamba antijeni e, protini ya kirusi inayotoka kwa mama, huzizoesha makrofaji za ini la mtoto, yaani hizohizo seli za Kupffer, kuzima seli T. Kwa hiyo ukienda wodini, dawa za mitaani za "kuongeza kinga" usizipe nafasi. Ulizia chanjo ya homa ya ini B ya ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa inayoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, maana kwa mtoto wa mama mwenye virusi, kuanza na pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano, homa ya ini B ikiwemo) ya wiki ya 6 ni kuchelewa.

Chanjo yenyewe ni protini ileile ya ganda la kirusi ambayo ini huivumilia. Tofauti ni kwamba unaidunga pajani: inakwenda kwenye tezi za limfu za kinena, na huko ishara ya pili ipo.