Kwa Anayeanza Kazi ya Picha Lamu: Kupanga Kabla ya Kuhariri

Mwezi wa Rajabu uliopita, baada ya sala ya alasiri, mama mmoja wa Langoni alibisha hodi nyumbani kwangu. Mamake alikuwa amefariki, naye alikumbuka kwamba mwaka 2014, katika kupamba kwa binamu yao, yaani sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi aliyepambwa, marehemu aliketi karibu na bibi harusi akiwa na shada la asumini mkononi. Tarehe hakuikumbuka, na hata mwezi hakuwa na hakika nao. Nilifungua kompyuta, nikaandika jina la marehemu na neno "kupamba", na kabla kahawa haijapoa picha sita zilikuwa mbele yetu. Mbili kati ya hizo hazikuwa nzuri kwa jicho la fundi, kwa kuwa mwanga ulikuwa hafifu na kiwiko cha mgeni kimeingia pembeni. Alichagua moja ya hizo mbili, akaniomba niichapishe kwenye karatasi kubwa.

Ninakueleza kisa hicho kwa sababu wasichana wanaokuja kwangu kujifunza kazi hii karibu wote huanza kwa kuniuliza programu ninayotumia kuhariri, na jinsi ninavyopata rangi ninazozipata. Rangi tutazifikia. Lakini picha ile ingekuwa na rangi za kuvutia kiasi gani, isingemfaa mama yule kitu kama ningeshindwa kuipata miongoni mwa maelfu ya picha zilizorundikana bila jina. Mwenye kuhariri vizuri ila hajui kupanga huweza kumridhisha mteja wiki ya harusi, kisha akamkosa miaka kumi baadaye, wakati ambapo picha ndiyo imekuwa na thamani.

Kazi ya kupanga huanza pale kadi inapotoka kwenye kamera. Kamera nyingi huipa kila faili jina la herufi chache na tarakimu nne, na hesabu ikifika 9999 hurudi 0001, kwa hiyo kila unapomaliza picha elfu kumi kasoro moja majina huanza kujirudia. Ukiwa na kamera mbili za aina moja hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2011, usiku wa harusi, nikiwa nimechoka, niliingiza kadi mbili katika folda moja. Kompyuta ikaniuliza iwapo faili zilizopo zibadilishwe, nami nikakubali bila kusoma. Kadi nilizifuta usiku uleule kwa kuwa asubuhi nilikuwa na kazi Shela, na kufikia adhuhuri nilikuwa nimekwisha kupiga picha nyingine juu yake. Picha thelathini na saba za bibi harusi akitolewa zilipotea, nami nilikwenda kwa mamake kumwambia mwenyewe, uso kwa uso. Laiti ningeiweka kadi kando bila kuitumia, huenda programu ya kurejesha faili ingeziokoa, kwa sababu kufuta kadi kwa kawaida huondoa orodha ya faili tu, na picha zenyewe hubaki mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Kwa hiyo ukifuta kwa makosa, itoe kadi kwenye kamera papo hapo na usipige hata picha moja zaidi.

Tangu siku ile programu yangu hubadilisha majina yote wakati wa kuingiza picha, na kadi haifutwi kabla ya picha kuwa katika diski mbili. Jina huanza na mwaka, kisha mwezi, siku, tukio, herufi ya kamera na nambari, kwa mfano 2024-09-21_kupamba_A_0153. Mwaka ukitangulia, mpangilio wa alfabeti na mpangilio wa siku huwa kitu kimoja. Ukianza na siku, tarehe 3 ya Januari na tarehe 3 ya Desemba zitalala kitanda kimoja.

Saa ya kamera nayo ina mambo yake. Kamera nyingi zinazofika huku hununuliwa Dubai, ambako saa imetangulia yetu kwa saa moja, na wanafunzi wawili wamewahi kuiweka kamera 3:00 wakikusudia saa tatu asubuhi, ambayo kwa kamera ni 9:00. Ukiwa na kamera mbili zisizokubaliana, bibi harusi ataonekana ameketi kabla hajaingia. Programu nyingi za kupanga picha zinaweza kusogeza saa ya picha zote za kamera moja kwa mkupuo, lakini ni rahisi zaidi kuzilinganisha kamera zote na saa ya simu kabla ya kutoka nyumbani.

Sasa lebo, na hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Lebo ni neno unaloliambatanisha na picha ili uipate baadaye, na shida yake kubwa ni tahajia. Mimi mwenyewe kwa miaka kadhaa niliandika Shela mahali pengine na Shella mahali pengine, Maulidi huku na Maulid kule, na kwa kompyuta hayo ni maneno manne yasiyojuana. Andika orodha ya lebo zako daftarini, uamue tahajia moja, na uzipange kwa ukoo: chini ya "Chombo" ziwepo jahazi, mashua na dau, chini ya "Nyumba" kiwepo kidaka, mlango, na chini ya mlango, mfaa, ule mti wa katikati ya mlango. Lebo ya jumla kama "Lamu" haikusaidii kitu ikiwa kila picha uliyonayo ni ya Lamu. Jiulize mtu atakayeitafuta picha hii atakuja na neno gani mdomoni, kisha uandike neno hilo.

Sherehe zinazofuata mwandamo zinahitaji uangalifu wa pekee. Maulidi yetu huangukia Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, na mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladi kwa takriban siku 11, ndiyo sababu folda za tarehe za miladi huyatawanya Maulidi katika miezi tofauti mwaka hadi mwaka. Mimi huandika lebo "Maulidi 1445" pamoja na tarehe ya kamera, ambayo mwaka ule ilikuwa ya 2023, na hivyo anayetaka kulinganisha zefe, yaani maandamano, ya mwaka mmoja na ya mwingine huzipata zote kwa neno moja.

Kuhusu programu yenyewe, sitakuamulia. Lightroom ni nzuri, nayo hulipiwa kila mwezi. DigiKam ni ya bure na hupanga vizuri sana. Darktable ni ya bure pia na nguvu yake iko katika kuhariri faili ghafi (RAW), yaani picha kama kamera ilivyoipokea kabla ya kuitengeneza. Jambo la kuangalia ni mahali ambapo lebo na majina yanahifadhiwa. Programu zote tatu zina hifadhidata yake, lakini zote zinaweza pia kuandika maelezo ndani ya picha au katika faili ndogo ya XMP inayokaa kando yake, ambayo programu nyingine huweza kuisoma. Washa mpangilio huo siku ya kwanza. Google ilipoacha kuiendeleza Picasa, programu yake ya kupanga picha, mwaka 2016, walioandika maelezo ndani ya faili zao walihama na maelezo yao. Vilevile usihamishe picha kwa mkono nje ya programu, kwa sababu programu inakumbuka mahali ilipoiacha picha, na ukiipeleka kwingine bila kuiarifu itakwambia picha haipo.

Tuje kwenye kuhariri. Piga faili ghafi ikiwa kamera yako inaweza. Faili ya JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, ilhali faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, na tofauti hiyo utaiona siku utakapolazimika kuinua uso uliokuwa kivulini chini ya daka, kibaraza cha mlangoni, huku ukuta wa chokaa ukiwaka jua la saa saba. Hata hivyo, weupe uliokwisha kuungua haurudi kwa programu yoyote. Ukipiga kanzu na kuta nyeupe, pima mwanga kwa ule weupe, kivuli utakiinua baadaye. Lightroom na Darktable haziigusi picha ya asili. Zinaandika maagizo tu, kwa hiyo jaribu bila hofu, na unapotoa nakala ya kumpa mteja, itoe kutoka kwenye asili na si kutoka kwenye JPEG uliyokwisha kuihifadhi mara tatu, kwani kila ukiihariri na kuihifadhi upya hupungua ubora.

Kwanza chagua, ndipo uhariri. Mimi hupita mara mbili: mara ya kwanza natupa zilizotikisika na zenye macho yaliyofumba, mara ya pili nazipa nyota zinazobaki. Kuhariri picha kabla ya kuchagua ni kupiga pasi nguo ambayo huendi kuivaa.

Katika kupamba kipimo changu cha rangi ni mikono ya bibi harusi. Hina iliyokolea ni nyekundu ya kahawia na piko ni nyeusi tii, na aliyezichora atajua mara moja ukizikosea. Chini ya balbu za manjano, ambazo rangi ya mwanga wake hupimwa takriban Kelvini 2,700 hadi 3,000, hina hugeuka rangi ya chungwa na ngozi huonekana kama ya mgonjwa wa manjano. Programu ina alama ya kibomba kama kile cha kudondoshea dawa ya macho. Kibofye juu ya kitu ambacho unajua ni cheupe, nayo itarekebisha rangi zote kwa kukifuata. Mimi hutumia ua la asumini lililo upande wa kivuli. Ukibofya ua lililopigwa na flashi hadi likaungua, kibomba hakina cha kusoma, nacho kitakupoteza. Taa za zambarau na buluu za jukwaani ni shida nyingine ambayo kibomba hakiiwezi, na hapo ni afadhali kumwomba mwenye taa azizime kwa dakika tano kabla bibi harusi hajapigwa picha za karibu.

Ninakuomba pia usimweupishe mtu. Programu za siku hizi zina kitufe cha kulainisha ngozi na kuing'arisha, na mteja wakati mwingine atakiomba mwenyewe. Ondoa chunusi ya juzi ikiwa ametaka, lakini makunyanzi ya bibi na weusi wa ngozi ya bibi harusi ni mali yao, na mjukuu atakayeitafuta picha atataka kumwona bibi yake kama alivyokuwa.

Picha za kupamba ni amana nzito. Wanawake waliovua buibui mle ndani walifanya hivyo kwa kuwa waliokuwemo ni wanawake peke yao, na kamera yako imeruhusiwa kwa imani hiyo hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inafafanua wajibu wa anayehifadhi taarifa za watu, lakini hapa kwetu hata kabla ya sheria jambo hili lilikuwa la heshima. Zima upakiaji wa picha wa moja kwa moja kwenye simu na kompyuta yako. Ziweke picha hizo katika diski ya peke yake iliyofungwa kwa nywila, na uandikiane na familia muda utakaozihifadhi. Ukitaka programu itambue nyuso, tumia ile inayofanya kazi hiyo ndani ya kompyuta yako bila kutuma picha nje, kama digiKam. Kumbuka pia kwamba picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupungua ubora, na ikitumwa kama hati hubaki kamili, pamoja na alama ya mahali ilipopigwa. Kwa hiyo iondoe alama hiyo kabla ya kutuma.

Nakala ziwe tatu, na moja iwe mbali. Nyumba za mji wetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, hivyo diski iliyo kwa jirani haiko mbali na moto. Yangu ya tatu iko kwa dada yangu Mokowe, ng'ambo, nami huibadilisha kila mwezi ninapovuka kwenda kumsalimu. Zile za nyumbani huziweka katika kopo lililofungwa vizuri, kwa sababu ya chumvi.

Ukija kwangu, wiki ya kwanza sitakupa kamera. Nitakuomba picha mia mbili kutoka simu ya nyumbani kwenu, uzipe majina na lebo, kisha umwombe mama yako ataje picha yoyote anayoikumbuka, nami nitakaa kando nikutazame ukiitafuta.