Mgonjwa wa kansa ya mapafu akianza kunywa maji kupita kiasi, semeni

Nimemuuguza baba mwenye kansa ya mapafu, naandika hii kwa wanaouguza mana kuna vitu hatuambiwi mapema. Kwamba kansa hii inapenda kupanda kwenye ubongo wengi tunajua, basi tunakaa tunasubiri kichwa kuuma, kutapika, degedege au upande mmoja kulegea. Sawa, hizo ndo za kawaida. Ila kuna sehemu nyingine za ubongo ikifika huko dalili zake huwezi hata kudhani ni kansa.

Kwa baba ilikuwa kiu. Yaani usiku kucha anakunywa maji na kwenda chooni, mkojo mwingi, mweupe kabisa, kila mtu anasema sukari hiyo, na alikuwa anatumia deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe kwenye ubongo, ambayo kweli inapandisha sukari, kwahiyo ikaingia akilini. Kupima, sukari iko sawa. Kumbe kansa ishafika kwenye tezi ya pituitari, katezi kadogo chini ya ubongo, na upande wake wa nyuma ndo unaotoa homoni ya kuziambia figo zisimwage maji yote. Tena daktari alisema deksamethasoni yenyewe inaweza kuifichua hali hiyo kama ilikuwa imejificha. Akaandikiwa desmopresini, dawa inayofanya kazi ya homoni hiyo, usingizi ukarudi.

Sasa ukiona hivyo andika anakunywa kiasi gani na anakojoa kiasi gani, daktari akiona namba anakuelewa haraka kuliko maneno. Msimnyime maji jamani, hata kama mmechoka kumpeleka chooni, chumvi ya damu ikipanda anachanganyikiwa. Akishaanza desmopresini nayo asijijazie maji ovyo, chumvi inashuka na ni hatari vilevile. Ulizeni MRI yenye dawa ya kung'arisha picha, siti skani inaweza kuikosa kabisa, na mtaje kiu ili wanaosoma picha waiangalie ile tezi.

Kuona kwa pembeni kukipungua, semeni. Kidevu kikifa ganzi au akiona vitu viwili viwili pia semeni, inaweza kuwa imeingia kwenye utando wa ubongo na huko mara nyingine wanapima maji ya uti wa mgongo. Deksamethasoni msiikatishe ghafla.

Na kipimo cha jeni za kansa yenyewe, zile zinazoitwa EGFR na ALK, kama hakijafanyika kiulizieni, mana kuna vidonge kama osimertinibu na alektinibu vinavyofika mpaka kwenye ubongo, ila ni kwa wenye mabadiliko hayo tu.