Mgeni Akisema "Help Yourself", Usikimbilie "Jisaidie"

Kwa miaka kadhaa nimewaongoza wageni kupanda Kilimanjaro kutokea Moshi, na Kiingereza changu nilikipata njiani zaidi kuliko darasani. Kosa lililonifunza mengi nililifanya katika kambi ya Machame, jioni ya kwanza ya safari, mgeni mmoja alipotoka katika hema la kulia na sahani ya bisi, akawanyooshea wapagazi na kusema, "Help yourselves!" Nami, bila kufikiri, nikawatafsiria kwamba mgeni anasema mjisaidie. Wakatazamana. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Hapa hapa, kaka, au twende chooni?"

Maana ya "help yourself" ni karibu, chukua mwenyewe, usingoje kuandaliwa. Na kinachochukuliwa hutanguliwa na "to", kama katika "help yourself to some tea". Nilikuwa nimedhani kwamba kila "self" yao ni "ji" yetu. Mara nyingine ni hivyo kweli, kwani "pull yourself together" ni jikaze, acha kubabaika. "Let yourself go" nayo inakaribiana sana na kujiachia, kwa uzuri na kwa ubaya: kwenye muziki ni kucheza bila haya, lakini ukimwambia mama wa watu "you have let yourself go", umemwambia kwamba ameacha kujitunza, na hapo usitarajie bakshishi.

Sisi tuna "ji" moja ya watu wote, najichosha, unajichosha, wanajichosha, ilhali Mwingereza hubadilisha: myself, yourself, themselves. Neno hilo hukaa katikati, baada ya kitenzi na kabla ya kijineno kinachokifuata. Mimi huwaambia wageni wanaokimbia siku ya kwanza, "You will wear yourself out", yaani mtajichosha mpaka mwishiwe nguvu, ingawa wakiwa wawili au zaidi ni lazima iwe "yourselves", jambo ambalo bado hunitoka nikiwa na haraka.

Kijineno hicho cha mwisho ndicho cha kuchunga. Usiku wa kupanda kilele, tukikaribia Stella Point, mgeni aliketi juu ya jiwe akilia, nami nikamwambia kwa huruma, "Don't give yourself up." Akaacha kulia, akacheka. "Give up" peke yake ni kukata tamaa, na ndilo nililolikusudia. "Give yourself up" ni kujisalimisha, kama mhalifu aliyechoka kukimbizwa anavyojipeleka polisi. Na "give yourself away" ni kujifichua bila kutaka, kwa neno au kwa sura.

Tangu hapo natembea na daftari dogo, nami nakushauri ufanye hivyo: andika fungu zima la maneno kama ulivyolisikia, kisha andika lilisemwa wakati gani, badala ya kuweka neno moja la Kiswahili mbele yake. Ukurasa wangu mmoja una sentensi ya mgeni aliyeishia Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, akarudi chini, na ambaye siku mbili baadaye mke wake alikuwa bado anaamini kwamba alifika kileleni: "I couldn't bring myself to tell her." Moyo ulikataa kabisa kumwambia. Aliongeza, "Keep it to yourself," yaani nisimwambie mtu, na ndiyo maana jina lake halimo katika daftari.